Kulaza Maji

Mwezi wa sita ukiingia Uwemba
hautangulizi mjumbe. Unaamka tu
ndoo ya mbuzi imeota ngozi,
na suruali uliyoisahau kambani imesimama wima
kama mtu aliyesusa.

Basi naanza na bwawa.
Bwawa la juu ya ardhi, la duara, buluu ya sketi ya shule,
ukuta wa bati jembamba, mpira ndani.
Marehemu Gervas alilileta na lori la mbao
lililokuwa likirudi tupu kutoka Dar,
akasema, "Wajukuu wakija, waogelee kwao."
Wajukuu walikuja Desemba moja. Waliingia mara tatu.
Mara ya nne Ivana aligusa maji kwa kidole
akaniuliza kama bibi ana friji chini ya ardhi.

Namna ya kulilaza aliniachia kwenye daftari,
kwa mwandiko wake wa karani wa ushirika:
Punguza maji, usiyamalize. Bwawa tupu hubebwa na upepo.
Vidole vinne chini ya tundu la bomba.
Fungua pampu, itikise mpaka ikohoe tone la mwisho,
ikalale ndani.
(Inalala uvunguni mwangu, upande wake.)
Funga madumu matupu katikati, yaelee:
barafu ikitanuka ibane dumu, isibane ukuta.
Turubai juu. Kamba kuzunguka. Fundo la ng'ombe, si la kiatu.
Usiweke mawe.
Hilo la mawe amelipigia mstari mara mbili,
maana mwaka wa kwanza aliweka mawe.

Otilia Mligo hupita na jembe begani. "Kamwene."
Kisha hucheka hadi akashika nyonga:
"Mwenzetu unayafunika maji blanketi,
na mimi miguu yangu inalala nje!"
Nacheka pia. Nakaza fundo.

Usiku wa tarehe tisa Julai anga lilitakata mno.
Hakuna wingu, hakuna upepo,
moshi wa jikoni ulipanda umenyooka kama mlingoti.
Hiyo tunaijua. Nyota zikikusogelea hivyo, sakitu iko njiani.
Saa nne Otilia akagonga, na hakuwa anacheka.
Alikuwa na miche mia mbili ya parachichi,
mkopo wa kikundi, urefu wa penseli,
na shuka mbili, na kanga nne, na magunia yamekwisha.
Hakuomba. Alisimama mlangoni
akiangalia juu ya bega langu, kule uani,
kitu kikubwa kilichofungwa vizuri.

Gervas, fundo lako gumu.
Nililifungua kwa meno.
Tulilikokota wawili, turubai zito kama mlevi,
tukalitandaza juu ya fito,
naye akaongeza nyasi, nami nikashika tochi
ambayo betri zake zilikuwa zikisinzia.
Katika daftari hakuna ukurasa wa jirani. Nilitafuta.

Kulipokucha, bonde lote lilikuwa na mvi.
Viazi vya kwa Mwalongo vilibabuka, vyeusi, vinanuka.
Miche ya Otilia, kumi na tisa ilikufa:
turubai ni la duara, kitalu kina pembe nne,
na zilizokufa ni pembe.

Bwawa lilivaa kioo.
Ndani ya kioo kulikuwa na jani moja la mpaina,
limelala chali.
Dumu moja lilibonyea shavu. Ukuta ulisimama.
Ila mshono wa mashariki ulianza kutoa jasho,
kisha tone, kisha uzi wa maji
ukitambaa taratibu kwenda kwenye figiri.

Akaja Otilia na kipande cha tyubu ya baiskeli,
gundi, msasa, na mkasi wa kukatia nywele.
Hakusema asante. Alisema, "Sogea, unanizibia mwanga."
Kiraka chake ni cheusi, kinaonekana tangu barabarani.

Jioni nilifungua daftari, ukurasa uleule.
Chini ya mstari wa mawe, kwa penseli,
kwa mkono wangu usiopata ukarani, niliandika:
Fundo liwe la kufunguka upesi.